Ndege, Mpagazi na Kuanguka kwa Tabora, 1916: Nafasi ya Anga katika Vita vya Njia ya Misafara



1. Utangulizi

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Tabora. Wakati huo mji huo ulikuwa makao ya serikali ya Kijerumani iliyokwisha kuukimbia mwambao, na ulikuwa kitovu cha Reli ya Kati. Wafungwa wengi waliokamatwa na Wajerumani, Wazungu na Waafrika, walikuwa wamefungwa hapo. Miezi mitatu kabla ya hapo, katika Juni, ndege za kijeshi zilikuwa zimeruka juu ya Ziwa Tanganyika na kuangusha mabomu Kigoma, mwisho wa reli hiyo hiyo. Katika historia ya Afrika ya Kati, hizo zilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza kabisa kutumika vitani.

Matukio haya mawili yamezoeleka kusimuliwa pamoja, kana kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Ndege zilikuja, Kigoma ikaanguka, kisha Tabora ikafuata. Mhadhara huu unakusudia kuuchunguza usemi huo. Hoja yangu ni kwamba ndege zilifanya kazi ya kweli, ila kazi hiyo ilikuwa finyu. Zilisaidia kuufungua mlango wa ziwa, lakini hazikuifungua njia ya Tabora. Njia ya Tabora ilifunguliwa kwa miguu na mabega ya watu. Aidha, ndege zenyewe zisingeruka hata siku moja bila mabega hayo.

Huenda msikilizaji akauliza: jambo hili linaihusu vipi taaluma ya Kiswahili? Linaihusu kwa namna mbili. Kwanza, njia inayozungumziwa hapa ndiyo iliyokipeleka Kiswahili kutoka mwambao hadi Manyema. Pili, maneno tunayoyatumia leo kuisema habari ya ndege yamehifadhi ndani yake historia ambayo vitabu vya kijeshi vimeiacha pembeni. Nitaanza na njia, nifuate na ndege, nije kwenye mapigano, kisha nirejee kwenye maneno.

2. Njia kabla ya vita

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea kuvuka Malagarasi hadi Ujiji. Urefu wake wote ulikuwa yapata kilomita 1,200. Burton na Speke walifika Tabora, waliyoiita Kazeh, mnamo Novemba 1857, wakaukuta mji wa wafanyabiashara wenye tembe, mashamba na maghala. Mwaka 1872 Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, karibu na mji huo. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alizisimulia safari zake za njia hii kwa Kiswahili, na masimulizi yake ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya tawasifu katika lugha yetu.

Walioibeba biashara hiyo walikuwa wapagazi, na kwa sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba upagazi wa karne ya kumi na tisa ulikuwa kazi ya ujira yenye heshima, kanuni na ustadi wake. Mpagazi alipatana ujira na posho. Msafara uliongozwa na kirangozi. Mzigo ulikuwa na uzito unaojulikana, na kituo kilikuwa na desturi zake. Kijana wa Unyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Ukoloni uliibadili hali hiyo. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliangamia Januari 1893 baada ya Wajerumani kuivamia ngome yake. Reli ikafuata, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Safari iliyokuwa ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Ilidhaniwa, na kwa haki, kwamba upagazi wa masafa marefu umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Vita vilipozuka Agosti 1914, mpagazi alirudishwa njiani. Safari hii hakuwa mtu wa mapatano na ujira. Mara nyingi alikuwa mtu aliyekamatwa kijijini na kulazimishwa. Hili ni jambo la kulizingatia tangu mwanzo: chombo kipya kuliko vyote, yaani ndege, kilifika magharibi ya nchi yetu katika mwaka ule ule ambao uchukuzi wa kale kuliko wote ulifufuliwa kwa nguvu.

3. Ziwa na meli ya Götzen

Ili kuielewa kazi ya ndege hatuna budi kulielewa ziwa. Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka kati ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na Kongo ya Kibelgiji. Aliyelitawala ziwa aliweza kuhamisha askari kutoka kusini hadi kaskazini kwa siku mbili au tatu, na kumzuia adui kuvuka. Mwanzoni mwa vita utawala huo ulikuwa wa Wajerumani.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwishoni mwa mwaka 1915. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli na kwa kukokotwa milimani. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini ilibaki meli moja kubwa kuliko zote: Graf von Götzen.

Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani. Ikavunjwa vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Urefu wake ulizidi mita 70, na hapakuwa na chombo kingine ziwani cha kulingana nayo. Mzinga wake mkubwa ulikuwa wa milimita 105, nao ulitoka katika manowari Königsberg.

Hapa panahitajika maelezo mafupi, kwa sababu asili ya mzinga huo inaturudisha kwenye habari ya ndege. Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji mwishoni mwa mwaka 1914. Waingereza waliitafuta kwa ndege, na tarehe 11 Julai 1915 manowari zao mbili, Severn na Mersey, ziliiangamiza kwa msaada wa marubani walioruka kutoka Mafia na kuwaelekeza wapiga mizinga mahali risasi zilipoangukia. Huo ulikuwa ushindi wa kweli wa anga. Hata hivyo Wajerumani waliiokoa mizinga 10 ya meli hiyo kutoka matopeni, wakaisambaza nchini kote. Mmoja ndio uliofungwa juu ya Götzen. Kwa hiyo silaha iliyotolewa Rufiji kwa msaada wa ndege ilihamia Kigoma, na mwaka uliofuata ndege zikalazimika kuifuata huko.

4. Ndege za Mtoa

Wabelgiji hawakuwa na ndege za kufaa kazi hiyo, hivyo waliazima nne kutoka kwa Waingereza. Zilikuwa ndege aina ya Short, zenye injini ya nguvu za farasi 150 hivi na nafasi ya watu wawili. Badala ya magurudumu zilikuwa na maboya, zikapaa kutoka majini na kutua majini. Rubani aliyejulikana zaidi kati ya waliozirusha alikuwa Aimé Behaeghe.

Safari ya ndege hizo kufika ziwani inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo husahauliwa. Zilitoka Ulaya kwa meli hadi Matadi, zikiwa zimefungwa katika masanduku. Kutoka hapo zilifuata njia ya Kongo: reli, mto, reli tena pale maporomoko yalipozuia mto, kisha mto tena, hadi zikafika Kabalo na kuchukua reli mpya iliyokwenda Lukuga, mji tunaouita Kalemie. Kila palipoishia reli na kuanza mto, na kila palipoishia mto na kuanza reli, masanduku yalishushwa na kupakiwa upya kwa mikono. Mbawa, maboya, injini, mafuta, mabomu na vipuri vyote vilipita mikononi mwa watu wale wale waliobeba unga na risasi.

Kituo cha ndege kiliwekwa karibu na Mtoa, kaskazini ya Lukuga, mahali palipokuwa na maji tulivu. Jina hilo si geni kwa msomaji wa historia ya misafara. Mtoa ilikuwa bandari ya ng'ambo ya Ujiji, mahali misafara ya Manyema ilipovukia ziwa katika karne ya kumi na tisa. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha ndege za vita katika sehemu hizi kiliwekwa juu ya kituo cha zamani cha misafara. Hapakuwa na muujiza katika jambo hilo. Maji yaliyofaa kwa mashua yalifaa pia kwa ndege za majini, na njia zilizoleta pembe zilileta petroli.

Kazi haikuwa rahisi. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto. Injini dhaifu zilipata taabu kuiinua ndege yenye watu wawili, mafuta na mabomu. Mbao na turubai za mbawa ziliathiriwa na jua na unyevu. Hata hivyo, katika Juni 1916 Behaeghe na mwenzake walivuka ziwa na kuishambulia Kigoma, wakiilenga Götzen. Mashambulizi mengine yalifuata hadi Julai.

5. Mabomu yalifanya nini?

Tunapoupima mchango wa ndege hizo hatuna budi kuwa waangalifu tusizidishe wala tusipunguze.

Faida ya kwanza ilikuwa ya habari. Kabla ya ndege, Wabelgiji waliokuwa ng'ambo ya magharibi walitegemea mashua na wapelelezi wa miguu kujua kilichomo bandarini Kigoma. Ndege iliwapa macho. Faida ya pili ilikuwa ya hofu. Bandari iliyojiona salama nyuma ya ziwa pana ilitambua kwamba inaweza kufikiwa. Kwa askari, kwa mabaharia na kwa raia wa Kigoma na Ujiji, huo ulikuwa mwisho wa aina moja ya usalama.

Lakini Götzen haikuzamishwa na ndege. Marubani waliamini kwamba waliipiga, ila meli ilibaki ikielea. Zaidi ya hayo, katika mwaka huo huo wa 1916 Wajerumani waliuondoa ule mzinga mkubwa ili utumike katika vita vya nchi kavu, na inasimuliwa kwamba mahali pake waliweka mzinga wa bandia uliochongwa kwa mti. Kutoka angani si rahisi kutofautisha mti na chuma. Macho yaliyopatikana kwa ndege yalikuwa na kikomo chake.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen wakiwa wamekwisha kuipaka mashine zake grisi kwa matumaini ya kuja kuiibua. Siku mbili baadaye Kigoma ikachukuliwa. Kwa nini waliondoka? Jibu linapatikana nchi kavu zaidi kuliko angani. Brigedi ya Wabelgiji iliyoongozwa na Olsen ilikuwa imekwisha kupita Urundi, ikachukua Kitega tarehe 17 Juni, na ilikuwa ikiteremka kuelekea reli. Brigedi nyingine, ya Molitor, ilikuwa imekwisha kuingia Kigali tarehe 6 Mei na kufika Biharamulo mwezi wa Juni. Kutoka kaskazini Waingereza chini ya Crewe walikuwa wameichukua Mwanza tarehe 14 Julai. Jenerali Wahle, aliyeongoza vikosi vya Kijerumani vya magharibi, aliona kwamba askari wake wa Kigoma wangekatiwa reli nyuma yao. Akawarudisha kuelekea Tabora.

Basi ndege ziliongeza uzito katika mzani uliokwisha kuanza kuinama. Anayesema kwamba hazikufanya kitu anakosea, kwa sababu zilipunguza thamani ya Kigoma kama bandari na ziliwapa Wabelgiji uhakika wa kuvuka. Anayesema kwamba zilishinda vita vya ziwa anakosea zaidi.

6. Kutoka Kigoma hadi Tabora

Kati ya Kigoma na Tabora kuna kilomita 400 hivi kwa reli. Ni nchi ya miombo, yenye mbung'o na maji machache wakati wa kiangazi, na majeshi yaliipita Agosti na Septemba, yaani katika kiangazi kikali. Wajerumani walibomoa madaraja na kuharibu reli waliporudi nyuma. Ndege yenye maboya haina pa kutua katika nchi kama hiyo. Vita vilipoliacha ziwa, viliziacha na ndege.

Hesabu ya uchukuzi ndiyo inayoeleza yaliyofuata. Mpagazi hubeba kilo 25 hadi 30. Tuchukulie kwamba hula kilo moja ya unga kwa siku na kwamba hutembea kilomita 20 kwa siku. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni siku 20, na kurudi ni siku 20 nyingine. Kwa hiyo angehitaji kilo 40 za chakula chake mwenyewe, ilhali mzigo wake wote haufiki kilo 40. Hesabu hii haina njia ya kutoka ila tatu: kuitengeneza reli, kumlisha mpagazi kwa chakula kinachochukuliwa vijijini, au kumwacha ale pungufu. Zote tatu zilitumika. Ya pili na ya tatu ndizo zilizoua. Mnyama hakuweza kuchukua nafasi ya mtu, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza ng'ombe na farasi.

Wanahistoria hukadiria kwamba katika vita hivi vyote Wabelgiji waliwatumia wapagazi wapatao 260,000, huku askari wao waliovuka mpaka mwaka 1916 wakiwa kati ya 10,000 na 15,000. Upande wa Waingereza, waliotumia wapagazi wengi zaidi, makadirio ya waliokufa hufikia watu 95,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa.

Mapigano ya mwisho yalitokea kuizunguka Tabora katika nusu ya kwanza ya Septemba. Olsen alikuja na reli kutoka magharibi, akapigana Usoke na kisha Lulanguru. Molitor alikuja kutoka kaskazini, akapigana Itaga. Yalikuwa mapigano ya bunduki, bombomu na mizinga michache, ya askari Waafrika dhidi ya askari Waafrika chini ya maofisa wa Kizungu. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba Wahle aliuacha mji na kuondoka kuelekea kusini, Sikonge na mbele yake. Wabelgiji wakaingia. Waingereza wa Crewe walifika relini siku chache baadaye. Miongoni mwa wafungwa waliokuwamo alikuwa Martin Kayamba, ambaye baadaye alifanya kazi katika serikali ya Tanganyika na kuandika kwa Kiswahili juu ya safari yake ya Uingereza.

Ushindi huo haukuuleta mwisho wa mateso. Mwanzoni mwa mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani cha Wintgens kilirudi kaskazini hadi nchi ya Tabora, na majeshi yakaifukuzia nchi nzima, kila moja likila njiani. Mashariki ya Tabora, katika Ugogo, ambako njia ile ile ya misafara hupita, watu na nafaka vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na majeshi ya pande zote. Ukame ulipofuata, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920.

7. Mfano wa meli ya angani

Ipo habari nyingine ya anga inayoiweka hesabu ya wapagazi mahali pake. Tarehe 21 Novemba 1917 Wajerumani waliirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, meli ya angani iitwayo L 59, ili iwapelekee askari wa Lettow-Vorbeck dawa, risasi na vifaa vingine. Ilivuka Bahari ya Kati na jangwa, ikakaribia Khartoum, kisha ikaitwa irudi kwa kuwa mahali ilipotazamiwa kushuka palikuwa hatarini. Ilikaa hewani saa 95 na kwenda kilomita zaidi ya 6,700 bila kutua.

Katika ustadi wa urushaji, hilo lilikuwa jambo la ajabu. Lakini shehena yake ilikuwa tani 15 hivi. Tani 15 ni mizigo ya wapagazi 500 au 600 tu, yaani msafara mmoja wa wastani wa siku za Unyanyembe. Chombo kikubwa kuliko vyote vya anga vya zama hizo kilikuwa sawa na msafara mmoja, nacho hakikufika. Misafara iliyofika ilikuwa ya miguu.

8. Ushahidi wa maneno

Sasa niyarejee maneno. Kiswahili kilipokutana na vyombo vya vita vya kigeni kilifuata njia mbili. Njia ya kwanza ni kukopa: manowari, meli na bomu ni maneno ya namna hiyo. Njia ya pili ni kukipa kitu kipya jina la kitu kinachojulikana. Mzinga wa nyuki ukatoa jina la mzinga wa vita. Kifaru wa porini akatoa jina la gari la deraya. Na ndege wa mwituni akatoa jina la chombo cha angani. Eropleni ilijaribiwa, ikaingia hata katika kamusi, lakini ndege ndiyo iliyoshinda.

Sarufi haikuridhika na jina tu. Tunasema ndege ametua tukimaanisha kiumbe, na ndege imetua tukimaanisha chombo. Neno ni moja, upatanisho ni mbalimbali. Kwa silabi moja lugha imekataa kukipa chombo uhai, hata ilipokiazima jina la chenye uhai. Mwanafunzi wa ngeli atapata humo mfano mzuri wa upatanisho unaoongozwa na maana badala ya umbo.

Mifano miwili inayohusu hoja yetu moja kwa moja ni rubani na kutua. Rubani alikuwa kiongozi wa chombo baharini, aliyejua miamba na maji, na neno lenyewe ni la Kiarabu. Ndege ilipokuja, jina lake likapanda naye angani. Ama kutua, hilo ni neno letu la Kibantu, na ni neno la mpagazi. Mpagazi hutua mzigo. Mahali anapotua ni kituo. Kutoka kwenye kituo cha msafara tumepata kituo cha reli, kituo cha basi, kituo cha afya na kituo cha ndege. Tunaposema leo kwamba ndege imetua, tunaitumia lugha ya mtu aliyeshusha mzigo begani.

Sidai kwamba neno hilo lilianza kusemwa juu ya ndege pale Mtoa mwaka 1916. Kiumbe ndege alikuwa akitua tangu zamani, na matumizi hayo yalikuwa tayari. Ninachosema ni kwamba msamiati wetu wa usafiri wa anga umejengwa juu ya msamiati wa mzigo na safari, na kwamba mpangilio huo unaafikiana na historia. Ndege za ziwani zilitua kwa sababu kwanza walikuwapo watu waliotua masanduku yake.

Majina ya mahali nayo yanashuhudia. Jijini Brussels upo mtaa uitwao Tabora, na Tombeur, aliyekuwa jenerali mkuu wa Wabelgiji katika kampeni hii, alipewa ubaroni wenye jina la mji huo. Dar es Salaam kuna Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo. Washindi waliubeba mji katika jina lao. Wapagazi waliacha jina la kazi yao katika soko, na mamilioni ya watu hulitamka kila siku bila kukumbuka limetoka wapi.

9. Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimejaribu kuonyesha kwamba anga lilikuwa na nafasi katika uvamizi wa magharibi ya Tanganyika mwaka 1916, na kwamba nafasi hiyo ilikuwa na mipaka iliyo wazi. Ilikuwa kubwa juu ya maji, ikapungua ufukweni, ikakoma miomboni. Tabora haikutekwa kutoka juu. Ilitekwa na askari waliolishwa na wapagazi, na wapagazi walilishwa, au hawakulishwa, na vijiji vya Unyamwezi, Uha, Urundi, Manyema na kwingineko.

Suala hili si la haki ya kumbukumbu peke yake, ingawa haki hiyo ni kubwa. Ni suala la usahihi wa historia. Historia inayoanza na chombo humaliza na rubani. Behaeghe, aliyefariki kwa maradhi huko Kongo mnamo Desemba 1916, anatajwa katika vitabu, na anastahili kutajwa. Lakini maradhi yaliyomwua ndiyo yaliyowaua maelfu waliobeba mabomu yake, na masimulizi hayo hayo hayawataji kwa majina. Tukiwaacha nje hatutaweza kueleza kwa nini jeshi lilichukua wiki saba kutoka Kigoma hadi Tabora, kwa nini Ugogo iliingia katika njaa, wala kwa nini ushindi wa Septemba haukuleta amani.

Walioishuhudia vita hiyo wamekwisha kufa. Hatuwezi tena kuwahoji. Hata hivyo zipo nyimbo za kazi, majina ya watoto waliozaliwa miaka hiyo, majina ya njaa na ya vituo vya zamani, na misamiati ya Kinyamwezi, Kiha na Kisukuma ambayo bado haijakusanywa kwa kazi hii. Wapo wajukuu na vitukuu waliosimuliwa. Götzen yenyewe iliibuliwa, ikapewa jina la Liemba mwaka 1927, na kwa miongo mingi ikawachukua abiria na samaki wa ziwa hilo hilo. Ikiwa chuma kiliweza kuibuliwa kutoka chini ya maji na kutumika tena, habari za waliokibeba zaweza nazo kukusanywa. Naikabidhi kazi hiyo kwa wanafunzi wa Kiswahili na wa historia walioko hapa, na ningependa ianzie Tabora, kwa wazee waliopo na kwa lugha wanayoisema.